Tulienda Kumwomba Kocha, Wakadhani Naposa

"Jina la Jefwa likitajwa tena kwenye kikao hiki, mimi naacha ukatibu," nilisema, nikaipiga meza ya Mzee Manilal mpaka misumari ikaruka kwenye mizani.

Watu wote wakanigeukia. Tulikuwa nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, pale Barani, ambapo sisi mashabiki wa Barani Kombaini hukutana kila Jumatano alasiri. Siku hiyo timu ilikuwa ya mwisho kwenye ligi ya kaunti. Mechi saba bila ushindi hata mmoja, na kocha wetu alikuwa amezima simu akaenda kwao bila kuaga mtu.

"Mwaringa, mwanangu, kaa," Manilal akasema. Yeye ndiye mwenyekiti wetu, Mhindi aliyezaliwa Malindi na baba yake akazaliwa Malindi, na Kiswahili chake kinatushinda wengi wetu. "Huyu Jefwa amekukosea nini wewe?"

"Hajanikosea. Nasema tu tumchukue Njenga. Ana vyeti vinne. Ana kompyuta."

"Timu yake ya mwisho ilishuka daraja na kompyuta yake ikiwa wazi," Okoth akajibu. Okoth alikuwa kipa wetu zamani, sasa ni fundi wa mafriji, na bado ana mikono ya kutisha. "Mimi nilicheza chini ya Jefwa. Mzee yule alikuwa akikutazama unavyofunga kamba za viatu, anakwambia leo utacheza vibaya. Na kweli unacheza vibaya."

"Ndiye aliyetufikisha fainali," Manilal akasema. "Tukapoteza fainali moja, moja tu, watu wakamwimbia ule wimbo wa aibu. Akavua filimbi shingoni, akaiweka juu ya benchi, akaenda zake kulima Kakoneni. Miaka tisa sasa, na sisi tumebadilisha makocha kumi na mmoja. Mungu anatuona."

"Wimbo ule ulianzia nyuma ya goli langu," Okoth akasema. "Sauti moja kubwa, halafu uwanja mzima. Mpaka leo sijamjua ni nani."

Nilikunywa maji. Simu ikatikisika mfukoni. Ilikuwa ni Lewa.

"Shangazi Hannah amewakubalia watu wa Mariakani waje kuniposa Jumapili jioni. Mwaringa, nimekungoja miaka mitatu. Sema neno moja tu."

Nikaandika: "Niko kikaoni. Nitakupigia."

Ndilo jibu nililompa. Msinitukane sasa, subirini, kuna mahali pazuri zaidi pa kunitukania.

Lewa ni binti wa Jefwa. Anauza kwenye duka la dawa mjini. Nilimwona mara ya kwanza jukwaani, simu sikioni, anaongea mechi nzima bila kupumzika. Kwa miezi miwili nilidhani anaongea na mume. Nilipojikaza nikamuuliza, alicheka.

"Ni baba. Hataki kukanyaga hapa, lakini hawezi kulala bila kujua. Namsimulia."

"Baba yako ni nani?"

Akanitajia. Nikahisi saruji ya jukwaa inazama chini ya miguu yangu, kwa sababu yule mwenye sauti kubwa nyuma ya goli la Okoth alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepoteza fainali kana kwamba nimeicheza mimi, nikapanda juu ya uzio nikaimba: Jefwa, Jefwa, shika jembe, mpira waachie wenyewe. Watu elfu moja wakaitikia. Naye kweli akaenda kushika jembe.

Ningemwambia siku ile ile. Sikumwambia. Siku ya pili ikawa ngumu zaidi, na baada ya miezi sita nilikuwa nampenda kiasi cha kuogopa kumpoteza. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Kila Lewa alipotaja habari ya kuwapeleka wazee kwao, mimi nilikuwa na sababu: mvua, kazi, msiba wa jirani.

Kura zikapigwa kwa kuinua mikono. Njenga saba, Jefwa kumi na moja.

"Jumamosi tunakwenda kumwomba," Manilal akatangaza. "Mimi, Okoth, na katibu."

"Mimi sitaweza, mwenyekiti."

"Wewe ndiye Mgiriama kati yetu, nani mwingine ataongea na wazee?"

Jioni ile nikampigia Lewa.

"Haya, kikao kimekwisha," akasema. "Niambie."

"Lewa, nipe muda kidogo."

"Muda ninao? Shangazi ameshachagua kuku wa kuchinja. Bwana mwenyewe ana malori mawili, ana heshima, anasali. Sina hata kasoro ya kumtajia. Mwaringa, baba yangu unamwogopea nini? Hata hamjaonana."

"Simwogopi."

"Basi ni mimi hunitaki. Hilo nalo ni neno, liseme nijue."

"Nakutaka. Wallahi nakutaka."

"Unaapa kwa lugha zote isipokuwa kwa miguu kufika kwetu," akasema, na akakata.

Sikumwambia kuwa Jumamosi ninafika.

* * *

Jumamosi asubuhi Manilal alikuja na pikapu yake, amevaa koti. Nyuma, kwenye kikapu, kulikuwa na kadzama ya mnazi, kibuyu kikubwa kimezibwa kwa makuti mapya, povu linatoka pembeni.

"Nimemuuliza mteja wangu mmoja wa kule," akasema kwa fahari. "Nikamwambia, nikienda kwa mzee wa Kigiriama kuomba jambo kubwa, naenda na nini? Akaniambia mnazi, na abebe kijana, na mzee atangulie. Mimi pombe siijui, lakini heshima naijua. Ni sawa hivyo, Mwaringa?"

Mimi, Mgiriama niliyezaliwa na kulelewa Kisumu Ndogo, hapa hapa mjini, ambaye mila za kwetu nazisikia kwenye matanga peke yake, nikasema, "Ni sawa kabisa, mwenyekiti."

Mteja yule hakuuliza ni jambo gani linaombwa. Manilal naye hakuona haja ya kusema.

Tulifika Kakoneni saa nne. Mbele Manilal na koti lake, katikati Okoth, nyuma mimi na kadzama begani. Uani kulikuwa na mama mmoja mnene anachambua korosho. Alituona, akasimama polepole, korosho zikamwagika, hakuziokota.

"Hodi hapa," Manilal akasema.

"Karibuni, karibuni sana." Macho yake yalikuwa kwangu. "Huo mnazi ni wa nani?"

"Ni wangu mimi, mama. Shikamoo," nikajibu, maana ndiye niliyeubeba.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Hannah, dada ya mwenye mji." Akaupokea kwa mikono miwili, akaupeleka ndani mwenyewe. Aliporudi alikuwa amejifunga leso mpya. "Mmefanya vyema kuwahi. Kesho walikuwa waje wengine, wa Mariakani."

Manilal akaniinamia sikioni. "Mariakani nao wanamtaka? Unaona, ningesikiliza maneno yako tungemkosa."

Mimi nilijua watu wa Mariakani walikuwa wanamtaka nani. Watu walikuwa wanaingia uani kutoka nyumba za jirani, wazee wawili, wanawake watatu, mtu ameleta mkeka, mtu ameleta viti. Kocha hapokewi hivi.

Ndipo Jefwa akatoka. Nilikuwa sijamwona kwa karibu tangu siku ile ya fainali. Mtu mrefu, mweupe kichwani, anatembea kama mtu anayepima uwanja. Tulimwamkia wote. Alimpa mkono Manilal, akamkumbatia Okoth, mimi akanishika mkono, akanitazama usoni, halafu akaenda kukaa.

Manilal akakohoa kujiandaa kwa hotuba. Shangazi Hannah akamzuia kwa kiganja.

"Maneno yatafuata, mzee wangu. Mnazi umeshaingia. Kwanza aulizwe mwenyewe." Akaita kuelekea ndani. "Lewa, njoo mwanangu."

Lewa akatoka.

Nimeona mabao mengi maishani, nimeona penalti ya dakika ya mwisho, lakini sijaona kitu kama uso wa Lewa aliponiona nimekaa kwenye mkeka wa kwao. Alisimama mlangoni akaweka mkono kifuani. Halafu akatabasamu, na machozi yakamtoka wakati huo huo, wala hakuyapangusa.

"Lewa," Shangazi akasema mbele ya wote, "mnazi umekuja nyumbani, ameuleta kijana huyu. Unamjua?"

"Namjua, shangazi."

"Je, tuunywe au tusiunywe?"

Sasa hata mimi wa Kisumu Ndogo nikaelewa tumefanya nini: tumeleta posa, na Lewa akisema unywewe, amenikubali. Okoth akaninong'oneza, "Katibu, hapa kuna nini?" Manilal alikuwa bado anatabasamu, anangojea zamu yake ya kuongea juu ya ligi.

Ningenyamaza ningepata mke asubuhi ile. Neno moja la Lewa na kila kitu kingekwisha, na wimbo wangu ningekwenda nao kaburini. Lakini niliutazama uso ule, na nikaona siwezi kuuibia.

Nikasimama. "Asijibu bado. Naomba asijibu."

Tabasamu likamwondoka Lewa taratibu. Hilo sitalisahau.

"Mnazi huu haukuja kwa ajili ya posa," nikasema. "Tumekuja kumwomba mzee arudi kuifundisha Kombaini. Kosa la kuuleta hivi ni letu, hatukujua. Mimi ndiye niliyepaswa kujua."

Mwanamke mmoja akasema "Maskini," kwa sauti ya chini. Shangazi Hannah akakaa juu ya kinu.

"Lakini Lewa nampenda," nikaendelea, kwa sababu maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. "Miaka mitatu nampenda. Sikuja hapa kwa kuwa niliogopa. Mzee, wimbo ule wa fainali, wa jembe, ni mimi niliyeuanzisha. Peke yangu. Wengine waliitikia tu."

"Wewe?" Okoth akasema. "Nyuma ya goli langu?"

Jefwa hakutikisika.

"Uimbe," akasema.

"Mzee?"

"Wimbo. Uimbe."

Nikaimba. Katika ua wa watu, saa nne na nusu asubuhi, mbele ya binti niliyetaka kumwoa, nikamwimbia baba yake ashike jembe. Sauti ilikuwa ikikatika. Nilipomaliza, mzee akatikisa kichwa.

"Siku ile uliimba juu zaidi."

"Ndiyo, mzee."

"Sauti ile nimeamka nayo miaka sita. Halafu siku moja binti yangu ananisimulia mechi kwenye simu, nikaisikia pembeni yake, inamwambia refa hana macho. Nikasema, huyu hapa. Jumapili iliyofuata nikaisikia tena, karibu zaidi. Ikawa kila Jumapili iko karibu zaidi, mpaka ikawa inamwambia Lewa pole kwa jua." Akaninyooshea kidole. "Nimejua miaka mitatu, kijana. Nilikuwa nangoja nione kama wewe ni mtu wa kusema."

Mtu huyu alikuwa amekaa na siri yangu moyoni miaka mitatu, kila jioni anakula na binti yake, na hakumwambia hata nusu ya neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha namna ile mimi sijakiona kwa mwingine.

"Baba, ulijua?" Lewa akauliza.

"Nilijua."

"Na wewe ulijua," akanigeukia. "Nyinyi wawili mlikuwa mnajua, mimi nipo katikati nasimulia mpira kama mjinga."

Akaingia ndani, akatoka na kadzama yetu ikiwa bado imezibwa, akaiweka miguuni pangu.

"Mnazi wa mpira siposwi nao mimi," akasema. "Na jambo lingine. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekaa karibu na baba. Nilimshika mkono mpaka nyumbani, na hakusema neno njia nzima. Wimbo uliuimba mbele ya watu elfu moja. Leo umekiri mbele ya watu kumi. Hesabu hiyo mimi siikubali, Mwaringa."

Akarudi ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Angeubamiza ningepata nafuu.

Manilal, maskini ya Mungu, alikuwa amebaki na hotuba yake mkononi. "Na ile habari ya ukocha, mzee?" akauliza polepole.

Jefwa akamtazama, na kwa mara ya kwanza nikaona anataka kucheka.

"Namba tatu wenu, Kazungu, anauogopa mguu wake wa kushoto, mnamchezesha kushoto. Kiungo wenu anachoka dakika ya hamsini kwa sababu hali kabla ya mechi. Na kipa anapiga kelele mno, mabeki wameacha kumsikiliza."

Okoth akafungua mdomo. "Lakini mzee, hawa hujawahi kuwaona."

"Binti yangu anajua kusimulia," akasema. "Kesho nitakuja kutazama. Kutazama tu."

* * *

Jumapili alikuja. Habari ilikuwa imeshaenea, uwanja ukajaa kama siku ya Idi. Alipoingia kwa lango dogo, watu walisimama bila kuambiwa na mtu, na hakukuwa na shangwe. Kilikuwa kimya cha watu wanaojua walichofanya. Lewa alikuwa nyuma yake. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba, kwa mara ya kwanza hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Kipindi cha kwanza tulifungwa moja. "Kutazama tu" kulikwisha dakika ya thelathini, mzee akawa amesimama kwenye mstari. Mapumziko yalipofika akawaita wachezaji, na kila mmoja alimwambia sentensi moja sikioni. Kazungu akamhamishia kulia.

Mimi nikaenda kwa mtangazaji nikamwomba kipaza sauti.

"Naitwa Mwaringa, katibu wenu," nikasema, na sauti yangu ikanirudia kutoka upande wa pili wa uwanja. "Miaka tisa iliyopita Kocha Jefwa aliimbiwa wimbo hapa. Mimi ndiye niliyeuanzisha. Alitufikisha fainali, nikamlipa kwa matusi, kisha nikajificha nyuma yenu nyote. Kocha, nisamehe mbele ya hawa hawa."

Chupa ya maji ikapita karibu na sikio langu. Mtu akasema nitolewe. Mwingine akasema ukatibu umekwisha, na wengi wakaitikia. Manilal akanipokonya kipaza sauti kwa upole na macho yake yamelowa. Nilienda kukaa ngazi ya chini kabisa, na watu wa ngazi ile wakasogea, pakabaki nafasi ya watu sita kila upande wangu.

Kipindi cha pili kikaanza. Jamani, ile haikuwa timu niliyoijua. Kazungu, yule yule wa kupigiwa mayowe kila wiki, alikuwa anapita kulia kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikasahau hata aibu yangu. Nilikuwa nimekaa mdomo wazi, nikiwaza kwamba mtu mmoja, kwa kusikiliza tu simu, ameiona timu hii kuliko sisi wenye macho.

Nikasikia mtu anakaa karibu nami. Alikuwa Lewa. Alikuwa ametoka kwenye benchi la baba yake, amekuja kwa ule mstari wote wa chokaa, uwanja mzima unamtazama, akaja kukaa pale ambapo hakuna aliyetaka kukaa.

"Watu wa Mariakani nimewakataa jana," akasema, macho yakiwa uwanjani.

"Lewa..."

"Usifurahi bado. Nimewakataa kwa sababu siwataki, wewe ni habari nyingine. Bado nimekukasirikia, na nitakukasirikia mpaka Krismasi."

"Sawa."

"Mzee wenu ni nani, wa kusema maneno?"

"Mjomba. Yuko Ganda."

"Mpigie. Sasa hivi, nisikie."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. "Mjomba, shikamoo. Ni Mwaringa. Nataka mnipeleke Kakoneni, kwa Mzee Jefwa. Kuposa."

"Leo umekumbuka una wajomba?" mjomba akasema. "Na huyo msichana mwenyewe umemuuliza, au unatutia aibu?"

Nikamtazama Lewa. Akaichukua simu mkononi mwangu.

"Shikamoo mjomba. Mwenyewe ndiye mimi, naitwa Lewa. Njooni Jumamosi. Huyu msimwachie kazi ya kuongea, atawapotezea siku."

Uwanja ukalipuka. Kazungu alikuwa amefunga, kwa mguu wa kulia, na watu walikuwa wanarukiana. Mjomba akauliza kwenye simu kuna nini huko. Sisi wawili tulikuwa tumesimama, nimemshika mkono, wala sikujua nimeushika saa ngapi.

Kwenye mstari Kocha Jefwa akageuka. Alitutazama, akautazama ule mkono, muda mrefu kuliko alivyolitazama bao.

"Nyinyi wawili," akasema, "kaeni chini. Bado mechi haijaisha."

Tukakaa.